Kitalu cha Miti ya Kwetu: Jinsi ya Kukirudisha Kichaka cha Mtaa Mombasa

Kikundi chetu kilianza kwa kosa. Tulichangishana pesa, tukanunua miche mia mbili kando ya barabara, tukaipanda Jumamosi moja asubuhi tukiwa na fulana za rangi moja, tukapiga picha. Ilikuwa miarobaini, mikungu na milusina. Kaskazi, ule msimu wa upepo mkavu wa mwanzo wa mwaka, ilipomaliza kazi yake, mikungu ilikuwa vijiti vitupu, na iliyosimama ni miarobaini na milusina. Hiyo ndiyo tuliyokuja kuing'oa wenyewe kwa mtaimbo baadaye, maana kumbe tulikuwa tumekichimbia kichaka kaburi.

Haya yafuatayo ni namna tunavyofanya sasa. Yanamfaa yeyote mwenye kipande cha kichaka kilichosalia mtaani: nyuma ya shule, ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor au wa Mtwapa, kando ya makaburi, au ile sehemu ya mawe ambayo hakuna aliyeweza kujenga. Hamhitaji kuwa wengi. Sisi tukiwa wanane wanaofika kweli, kazi inakwenda kuliko tulipokuwa arubaini kwenye orodha.

Ardhi ni ya nani?

Usiruke hatua hii. Pwani, kupanda mti wa kudumu ni neno zito. Mombasa kuna watu wengi wenye nyumba bila ardhi, yaani kuta zao, kiwanja cha mwingine. Mwenye shamba anaweza kukuruhusu upande mihogo na mahindi miaka ishirini, lakini siku ukiatika mnazi au mwembe anakuja kuuliza una nia gani. Mti unakaa, na unaokaa huleta madai. Kwa hiyo hata kama nia yenu ni kichaka tu, jirani ataona watu wanachimba mashimo na atafikiri kiwanja kinanyakuliwa.

Anzeni kwa mzee wa mtaa na chifu. Ulizeni kipande kimesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni cha umma, pelekeni barua kwa kaunti; kama ni cha shule au msikiti, zungumzeni na kamati; kama kina mikoko au kinapakana nayo, lazima mwende kwa Huduma ya Misitu, KFS, kwa sababu mikoko ni msitu wa serikali. Andikeni waziwazi kwamba miti haitakuwa dai la umiliki kwa yeyote katika kikundi. Karatasi hiyo moja imetuokoa mara mbili. Angalieni pia nyaya za umeme juu na mabomba ya maji chini kabla hamjachora ramani yoyote.

Tembeeni kabla ya kuchimba

Kichaka cha Mombasa kimeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Udongo ni mwembamba, maji hayakai, na jiwe lina chokaa nyingi. Miti ya hapa imezoea hivyo: mizizi yake hupenya kwenye nyufa, na mingi hupukutisha majani jua likizidi. Mtu mgeni akikiona mwezi wa pili husema kimekufa. Hakijafa. Kitembeleeni mara tatu kabla ya kugusa chochote: mara moja kaskazi ikiwa kali, mara moja wiki ya pili au ya tatu ya masika, na mara moja mvua zikishatulia.

Andikeni kila mnachokiona kimesimama. Mnaweza kukuta mbuyu, mkwaju, mkwakwa, mkunazi, mkone, mkwamba, mkoma, pengine mkindu panapotuama maji. Mkiwa na bahati, mbambakofi au mvule. Msandarusi, uliotoa ile sandarusi iliyosafirishwa na majahazi kwenda kutengenezewa vanishi, hupatikana zaidi katika misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Mijikenda, kuliko mjini.

Nendeni na mtu mzima anayeyajua majina. Sisi siku ya pili tulikuwa tunafyeka kwa bidii, bi mkubwa mmoja akasimama njiani na kikapu chake akatutazama. "Wanangu," akasema, "huo mnaoukata ni mdaa. Mama yangu akiuchimba mizizi kutia ukindu weusi." Tuliweka mapanga chini. Tangu siku ile hafyeki mtu kabla bi mkubwa au mwenziwe hajapita. Wasukaji wa mikeka, waganga wa miti shamba na wavuvi wa zamani wana elimu ambayo hakuna kitabu kimoja kilichoikusanya yote.

Tahadhari moja tu: jina moja laweza kubeba miti miwili au mitatu. Mfudu ni mfano mzuri. Huitwa hivyo miti kadhaa ya jamii moja yenye tunda jeusi, na mmojawapo wa jamii hiyo wataalamu wameupa jina la mji wetu, Vitex mombassae. Kwa hiyo chukueni tawi lenye majani, na ua au tunda likiwapo, libaneni katikati ya magazeti makavu chini ya kitu kizito kwa wiki mbili, muandike mahali na tarehe. Baadaye mtu wa mimea atawaambia ni upi.

Wageni wanaotoka na wanaobaki

Hapa ndipo ugomvi huanza, basi niseme mapema. Mwarobaini si mti wa kwetu. Umetoka Bara Hindi, kama kunguru wetu wa mjini, na wawili hawa wanapendana: ndege hula tunda, hutema kokwa kichakani, na mwarobaini huota pale kivuli cha mkwamba kilipoukinga. Ukishakua, chini yake hubaki miarobaini mitoto. Sina vita na mwarobaini wa uani kwako. Dawa ni dawa, kivuli ni kivuli. Kichakani ndipo hauna nafasi.

Mwingine ni mlusina, ambao humwaga mbegu nyingi na hizo hukaa udongoni miaka zikisubiri. Wa tatu ni lantana, kile kichaka chenye miiba midogo na maua ya rangi mbilimbili ambacho watoto hula matunda yake meusi.

Miche midogo ya mwarobaini na mlusina ing'oeni kwa mkono ardhi ikiwa imelowa. Mzizi wote hutoka. Mikubwa ikikatwa tu huchipua upya, tena kwa hasira, hivyo aliyekata ndiye anayepewa zamu ya kurudi kila wiki tatu kuvunja machipukizi hadi kisiki kichoke. Lantana ikateni karibu na ardhi kisha mng'oe kitako chake kwa sururu. Na tafadhali, msifyeke yote kwa siku moja. Kipande kilichoachwa uchi mwezi wa nne kitapoteza udongo wake wote kwa mvua mbili, nao ndio udongo pekee kilichokuwa nacho. Endeni ukanda kwa ukanda, hatua kumi kwa hatua kumi, mkiacha vijiti vilivyokatwa vilale chini kama matandazo.

Kisha ngojeni msimu mmoja wa mvua. Najua wengi watakasirika, maana watu wamekuja kupanda. Lakini kwetu, katika ukanda wa kwanza, mikwamba na mikone ilijiotea yenyewe, mingi kuliko ambayo tungeweza kuiotesha kwa mwaka. Mbegu zilikuwamo au zililetwa na ndege. Kinachojirudisha chenyewe hakihitaji kitalu. Kitalu ni cha ile isiyorudi: yenye mbegu kubwa zisizobebwa na ndege wa kawaida, na ile ambayo mama zake wamekwisha katika eneo zima.

Kutafuta mbegu

Tafuteni karibu kwanza. Mkwaju uliostahimili chumvi na kaskazi ya Likoni una mtoto anayeijua Likoni. Okoteni kutoka miti mingi, kumi ikiwezekana, iliyo mbalimbali, na kila mti mchukue sehemu moja kati ya tano tu. Nyingine ni ya panya, popo, na kichaka chenyewe. Kila mfuko uwe na karatasi ndani: jina, mahali, tarehe.

Kayani msiokote kitu bila wazee. Misitu mitakatifu ya Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini sheria ya wazee ni ya zamani kuliko hiyo, na wao ndio wenye kauli. Mkikataliwa, mshukuru muondoke. Njia nyingine ni taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ambayo ina kituo Gede. Ulizeni mbegu ilitoka wapi kabla ya kulipa.

Kila mbegu ina tabia yake.

Mkwaju ndio wa kujifunzia. Osheni ute wote, lowekeni usiku mmoja katika maji ya kawaida, atikeni. Ndani ya wiki mbili hivi nyingi zitakuwa zimetokeza.

Mbuyu una gamba gumu. Chemsheni maji, yaondoeni motoni, mzimwagie mbegu, kisha acheni yapoe nazo zikae humo siku nzima. Zitaota kwa zamu: moja leo, nyingine baada ya mwezi, kwa hiyo msimwage udongo kwa kukata tamaa. Na mabuyu ya dukani, yale mekundu ya sukari, yamepikwa. Kuna kijana alituletea kilo nzima. Tuliyala.

Mbambakofi hupasua ganda lake la mbao na kuonyesha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Ondoeni ile kofia, maana huita wadudu, kisha sugueni upande mmoja wa mbegu kwenye jiwe hadi muone weupe kidogo, mbali na pale kofia ilipokuwa. Baada ya hapo lowekeni usiku kucha. Msandarusi nao tunausugua vivyo hivyo.

Mvule ni mtihani. Mti wa kiume ni mwingine na wa kike ni mwingine, kwa hiyo mvule mmoja mtaani unaweza kukaa miaka bila tunda, na si kosa lake. Tunda la mti wa kike ni kama kiwavi kinene cha kijani, na popo hulijua kabla yenu. Lipondeni ndani ya maji, chujeni mbegu, ambazo ni ndogo mno, zikausheni kivulini siku moja au mbili na muatike mara moja, kwa sababu hazikai. Zifunikwe kwa udongo mwembamba kama chumvi juu ya samaki, na maji yapulizwe, yasimwagwe.

Mkwakwa: pasueni, kuleni, osheni kokwa. Mfudu: kokwa ni ngumu na huota kwa uvivu, atikeni nyingi. Mkoma msiuatike kitaluni kabisa. Mbegu yake hushusha kwanza mzizi mrefu chini kabisa kabla ya kutoa jani, na kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, hakiutoshi. Ifukieni palepale itakapoishi, mweke jiwe la alama.

Mikoko nimeiacha makusudi, ni elimu nyingine. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, na kazi yake huenda na maji kupwa na kujaa. Msichanganye vitalu hivyo viwili.

Kitalu chenyewe

Mnahitaji mahali pa ukubwa wa chumba kimoja cha Kiswahili, penye lango linalofungwa, karibu na maji. Tandazeni makuti juu ya fito kwa kimo cha mtu, yakiacha jua lipenye nusu. Makuti yana faida moja kuliko chandarua cha kivuli: huchakaa taratibu, na wakati miche inahitaji jua zaidi nayo yamekwisha kuwa matundu.

Maji ndiyo yaliyoua miche yetu mingi kuliko wadudu. Visima vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi, na mche wa wiki mbili hauvumilii. Yaonjeni. Kama hamwezi kuyanywa bila kukunja uso, msinyweshee mbegu. Wekeni tangi la kukinga mvua chini ya bati lolote lililo karibu, na kwa siku ambazo mfereji umekauka muwe na hesabu ya mitungi ya mkokoteni. Miche mia tatu midogo kwetu hunywa mitungi miwili ya lita ishirini kwa siku, asubuhi mapema na jioni. Mkiwa hamna fedha ya mitungi miwili, msiatike mia tatu.

Udongo: makarai matatu ya udongo wa juu, moja la mchanga wa mtoni, moja la mboji au samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Kwenye kila karai ongezeni konzi mbili za udongo uliochukuliwa chini ya mti wa jamii ileile kichakani. Humo mna kuvu wanaoishi na mizizi, na miche hutofautika waziwazi.

Vyombo: viriba vya kununua ni sawa, lakini pakiti za maziwa na chupa za lita moja zilizokatwa shingo zinatosha, zikitobolewa chini matundu manne. Mbambakofi na mkwaju wapeni chombo kirefu. Kila wiki mbili nyanyueni kila kiriba mkisogeze, mzizi usije ukatoboa chini na kushika ardhi. Mzizi uliojizungusha ndani ya kiriba kama kamba ya ng'ombe hautanyooka tena hata ukipandwa, na mti huo huweza kuanguka ukishakua.

Miche ya polepole tunaiatika mwezi wa nane. Mkwaju, unaokua upesi, unangoja hadi Novemba. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguzeni makuti na maji kidogokidogo. Mche uliodekezwa mnautoa kivulini Jumamosi, Jumatano umekauka. Mche mzuri una kimo cha mkono hadi kiwikoni na shina gumu. Watu hutaka mirefu kwa ajili ya picha, nayo ndiyo inayokufa.

Kupanda

Pandeni masika, si vuli. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huja ikijisikia, na nyuma yake inafuata kaskazi kavu ya miezi mitatu. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kwa kawaida hufikia kilele Mei, kisha kusi, upepo wa kutoka kusini, huleta miezi ya baridi kidogo na manyunyu. Msikimbilie mvua ya kwanza. Chimbeni kwa kidole: unyevu ukifika kina cha kiganja kizima, anzeni.

Juu ya mwamba, msilazimishe safu zilizonyooka. Tembeeni na mtaimbo mkigonga, na panapolia mlio mzito bila kuruka pana mfuko wa udongo au ufa. Hapo ndipo pa mche. Shimo la sentimita thelathini linatosha. Udongo ule ule urudi, na mboji kidogo tu. Chaneni kiriba, msikivute. Shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Zungusheni matandazo ya vijiti na majani makavu, yasiguse shina. Changanyeni jamii, na miti mikubwa kama mbuyu na mvule iwe mbali na ukuta wa mtu.

Palipochimbwa mawe, pakabaki sakafu tupu, kazi ni ndefu zaidi. Pale Bamburi, katika machimbo ya saruji, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza mwaka 1971 kwa kujaribu jamii 26 za miti, na zilizoshika ni chache mno, mvinje ukiongoza. Majani yake yalirundikana bila kuoza hadi walipoletwa jongoo wa kuyasaga yawe udongo. Kwa hiyo mkiwakuta jongoo katika kichaka chenu, waambieni watoto wasiwakanyage.

Mbuzi, kisha miaka mitatu ya jembe

Mbuzi wa Mombasa ana miguu ya ngazi na hana mwenyewe hadi umguse. Katika msimu wetu wa pili wanne waliingia alasiri moja wakamaliza mikwaju yote. Tulipomkamata mmoja, mwenyewe akatokea mbio, na mazungumzo hayakuwa mazuri. Sasa tunatumia nyavu kuukuu za wavuvi, zimefungwa kwenye vigingi, na matawi ya mkunazi yenye miiba kuzunguka kila mche. Muhimu kuliko wavu: mjueni kila mwenye mbuzi kwa jina, na majani yanayofyekwa mpelekeeni yeye. Kijana wake mmoja sasa ni mwenzetu.

Kuanzia Januari hadi Machi ya mwaka wa kwanza, kila mche unahitaji lita mbili au tatu mara moja kwa wiki, zikiingia polepole. Chupa iliyotobolewa kifuniko na kuchomekwa kichwa chini hufanya kazi hiyo. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki mbili, wa tatu mnauacha. Palilieni duara la hatua moja kila mwezi wakati wa mvua, na machipukizi ya mwarobaini yavunjwe kila mnapopita.

Andikeni zamu ukutani, hasa za Ramadhani, sikukuu na likizo za shule, kwa sababu kila kitalu tulichowahi kukiona kikifa kilikufa wiki ambayo kila mtu alidhani mwenzake ana ufunguo. Funguo za tangi ziwe tatu, kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti.

Hesabuni miche mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na mwisho wa masika, mkiandika iliyokufa kwa jamii na mahali. Hesabu yetu ya mwisho ilionyesha mifudu imekufa nusu upande wa barabara na karibu yote iko hai chini ya mikwamba iliyojiotea, basi msimu huu mifudu yote inakwenda huko.